Sahihisho la Kisa cha Mtu Aliyeburutwa na Mashine

Barua ilinifikia hapa Njombe siku ya Jumanne, imeandikwa kwa penseli kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule. Mwinjilisti wa Kitandililo alikuwa ameandika mistari minne tu: kwamba fundi wetu wa Lyamkena amefariki kwa kichomi, kwamba amekwisha kuzikwa nyumbani kwao, kwamba mjane anawasalimu wote waliomfahamu mumewe, na kwamba mimi, nikipata ruhusa kazini, nifike bila kukawia. Niliisoma nimesimama mlangoni mwa ofisi. Dereva wa basi aliyeileta kutoka Makambako alikuwa bado yupo mbele yangu, kwa kuwa alijua ni barua ya msiba lakini hakujua ni msiba wa nani. Nilipomwambia, akauliza, "Si ndiye yule aliyeburutwa na mashine?" Nikamjibu ndiye. Basi akatabasamu. Halikuwa tabasamu la ubaya; lilimtoka tu, kama linavyomtoka mtu anayekumbushwa kichekesho cha zamani, na mara akatambua kwamba tunazungumza habari za marehemu, akavua kofia na kuangalia chini. Nilimshukuru, akaenda zake, nami nikabaki na tabasamu lile. Mimi ndiye niliyempa.

Wasomaji wa siku zote wa safu hii wamekwisha kumtambua. Miaka minne iliyopita niliandika humu kisa cha fundi mmoja aliyefunga injini ya pampu kwenye mashine kuukuu ya kulimia bustani, akaipeleka bondeni kuijaribu, na mashine ikaondoka naye. Sikumtaja jina, maana humu sitaji jina la mtu, lakini Makambako ni barabara mbili na maduka yake, na kila aliyesoma alijua ni nani. Hakuna maandishi yangu yaliyopendwa kama yale. Walimu waliniandikia kwamba wamewasomea wanafunzi darasani. Karani mwenzangu aliikata safu ile akaibandika ukutani juu ya meza yake, na mpaka juzi ilikuwepo, imeanza kugeuka rangi. Niliona fahari, siwezi kukana. Leo nimekuja kusema kwamba ndani ya kisa kile kulikuwa na uongo mmoja, tena haukuhusu mashine wala fundi, na kwamba yupo mtu anayengoja niuondoe kabla msimu wa kupanda maharage haujampita.

Nilimfahamu marehemu kwa ajili ya baiskeli. Ofisi ya Bwana Shamba ninakofanya kazi ina baiskeli kadhaa, na kwa njia zetu hizi za mawe na tope hakuna inayomaliza mwezi ikiwa nzima. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya duka la nguo pale Lyamkena, Makambako: mabati matatu juu, meza ya ubao mzito chini, na pembeni ungo wa kupepetea mahindi. Huo ungo ulinishangaza. Kila alichofungua alikipanga ndani yake kwa mzunguko, cha kwanza karibu na mkono wa kulia, cha pili baada yake, mpaka duara likutane. Na wakati wa kufunga alianza na cha mwisho akirudi nyuma. Aliuchukua jikoni kwa mkewe bila ruhusa, na mama yule alipoukuta umejaa grisi alimwambia abaki nao, ila ale ugali wenye pumba mpaka atakapomletea mwingine. Alimletea mwingine. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mteja akilalamika kwamba baiskeli yake inalia, fundi alimpa aisukume mwenyewe huku wote wawili wameinamisha vichwa kusikiliza, mpaka mteja aseme inalia wapi. Niliwahi kumwuliza kwa nini anawasumbua watu namna hiyo. Akasema mtu akikwisha kuisikia kasoro mwenyewe, akirudi nyumbani ataisikia tena ingali ndogo. Jumapili aliimba sauti ya nne katika kwaya ya Walutheri wenzake, na kikohozi chake kilijulikana kanisa zima, kwa sababu kifua kilikuwa kimemsumbua tangu ujana.

Mashine yenyewe aliirithi kwa mlowezi mmoja aliyekuwa na shamba la miwati upande wetu wa Njombe, ambaye fundi alimtumikia miaka mingi kabla ya kufungua kibanda chake. Ilikuwa na magurudumu mawili ya chuma, mishikio miwili mirefu kama ya toroli, na nyuma ya magurudumu safu ya visu vilivyopinda, ambavyo huzunguka na kuchimbua udongo wakati mtu anafuata nyuma ameishikilia. Injini yake ilikuwa ya kupozwa kwa maji, na ninyi mnaoishi huku mnajua mwezi wa Juni ulivyo. Jioni moja maji hayakumwagwa, barafu ikashuka, maji yakaganda ndani yake, na asubuhi injini ilikutwa imepasuka ubavu kama chungu. Aliyesahau kuyamwaga alikuwa fundi mwenyewe. Aliniambia bila kuulizwa. Mlowezi alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia ile mashine isiyo na uhai, labda kwa wema, labda kwa kumkumbusha. Mtu mwingine angeigawa vipande vipande, huku bolti, huku chuma cha kufulia majembe. Yeye aliifunika kwa gunia na kuanza kuulizia injini kila lori lililopita Makambako.

Nilimwuliza ya nini. Akaniambia ni kwa ajili ya kinyungu cha mkewe kule Kitandililo. Kwa wasomaji wa pwani wasioijua nchi yetu, kinyungu ni bustani ya bondeni, kwenye udongo mweusi unaoshika maji hata kiangazi, na ndicho kinachompa mtu maharage na mahindi mabichi wakati vilimani kumebaki vumbi. Mtu hakinunui. Mzee wa bonde humgawia, na kama misimu miwili ikipita mfululizo bila jembe kuingia, mzee humpa mwingine mwenye haja, wala hakuna anayenung'unika kwa sababu hivyo ndivyo bonde lilivyolisha watu siku zote. Kile cha mke wa fundi kililimwa na mama yake, na kabla ya mama yake kililimwa na bibi yake. Msimu mmoja ulikuwa umekwisha kupita kimejaa majani. Wana wao wawili walikuwa wamepanda malori ya manamba, vibarua wa mkataba, kwenda kwenye mashamba ya mkonge, na ndugu waliobaki kila mmoja alikuwa na bustani yake. "Mwenyewe hawezi sasa," fundi aliniambia, akaendelea kupiga tupa. Nikadhani nimeelewa. Nilidhani ni yale yale ya wanawake waliohamia mjini, wakazoea mkate wa dukani na sketi iliyopigwa pasi, jembe likawa zito. Sikuuliza hawezi kwa nini. Mtu anayeishi kwa kuuliza watu habari, swali moja lile lilinishinda.

Injini aliipata Matembwe, kwenye kambi ya wapasua mbao. Ilikuwa ya pampu ya maji. Pampu imekufa lakini injini nzima, nayo ni ya kupozwa kwa maji vilevile, ina kisanduku cha maji juu ya silinda. Alirudi nayo amekaa juu ya shehena ya mbao, ameifunga kwa kamba kisha ncha ya kamba akaifunga kiunoni mwake, ili kama itadondoka njiani isidondoke bila yeye kujua. Kuing'oa injini iliyopasuka ilikuwa kazi ya siku moja. Kuiweka hii nyingine ilimchukua wiki saba. Matundu ya bolti hayakulingana hata moja. Alipaka grisi chini ya injini, akaikandamiza juu ya ukurasa wa gazeti hili hili mnalosoma, akapata alama ya kila tundu, na kwa alama hizo akatoboa bamba la chuma alilolikata kwenye mgongo wa lori lililopinduka. Akagundua iko chini mno, akainyanyua kwa gogo la mti mgumu. Akagundua puli yake, lile gurudumu dogo la kuzungushia mkanda, imekaa upande kidogo na puli ya mashine, akafunga uzi toka huku hadi kule na kusogeza kila siku upana wa ukucha. Mimi nilipita pale kila nilipotumwa Makambako, na kila mara nilimkuta ameinama juu ya uzi ule kama mwanamke anayetunga uzi kwenye tundu la sindano.

Jumamosi ya kuiwasha nilikuwepo. Aliizungusha kwa hendeli, ikakohoa mara mbili, ikashika. Akasukuma mkono wenye rola inayokaza mkanda ili magurudumu yapate nguvu, na mashine, badala ya kwenda mbele, ilirudi nyuma ikamsukuma taratibu mpaka ikambana na meza yake ya kazi. Injini ya pampu ilikuwa inazunguka upande mwingine. Wateja walicheka, naye akacheka pia, akafunga petroli, akaketi juu ya debe akitazama ardhi kwa muda mrefu. Angeweza kuigeuza injini nyuma mbele, lakini bomba la moshi lingemtazama mtu aliyeishika kifuani, na kifua chake alikijua. Akainuka, akautoa mkanda, akaurudisha akiwa ameupitisha msalaba kama namba nane. Mashine ikaenda mbele. Niliyaona hayo kwa macho yangu, na nakiri kwamba moyo wangu ulimsifu.

Wiki iliyofuata ilipelekwa bondeni. Wanaume wanne waliisukuma kutoka barabarani, na nyuma yao walifuata watu wengi wa Lyamkena ambao hawakuwa na shughuli yoyote Kitandililo ila kutazama. Nami nilikuwepo, kwa kuwa Bwana Shamba alitaka kujua kama chombo kile kingeharibu udongo wa mabonde. Alikuwa na wasiwasi kwamba Mwafrika akipata mashine atasahau matuta. Nikasimama juu, kwenye majani makavu, pamoja na watu wa mjini. Upande wa chini, kwenye ukingo karibu na kijito, alikuwa ameketi mwanamke juu ya ngozi ya mbuzi, miguu ameinyoosha, fimbo ubavuni. Nilimwona vizuri. Mizunguko mitatu ilikwenda salama, udongo mweusi ukifunguka nyuma ya visu hata wazee wakaacha kunong'ona. Mzunguko wa nne ulikuwa wa kuteremka. Mkanda ulikuwa umelowa. Ulichomoka kidogo ukajikunja kwenye ule mkono wa rola, na fundi alipouvuta kuilegeza mashine, mkono haukuvutika. Injini ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza, mteremko ukaipa nguvu zaidi, ikashika kasi. Watu walipiga kelele aiachie. Hakuiachia. Alianguka magoti akaburutwa, amening'inia kwenye mshikio mmoja wa kushoto, suruali ikachanika yote, mpaka mashine ikapinda na kutumbukia kijitoni katikati ya matete, yeye akiwa juu yake. Alipoinuka mzima, bonde lote lilicheka, wa juu na wa chini. Tulimvuta tukamtoa. Nilimwuliza kwa nini hakuiachia, naye alikuwa anakamua shati. Akasema, "Ningeiachia ingefika chini."

Sasa nirudie niliyoyaandika, maana wengine hamkuyasoma. Niliandika kwamba kila kitu ukiachiacho hufika chini, na hakuna haja ya kuchana suruali ili kulithibitisha hilo. Niliandika kwamba mtu yule aliipenda mashine kuliko magoti yake. Na ili kuonyesha jinsi watu wa bonde walivyoidharau, nikaongeza maneno haya: "Hata mama mmoja aliyekaa ukingoni, chuma kikimjia mbio, hakujisumbua kuinuka." Nilipoandika sentensi hiyo nilijichekea peke yangu. Niliona imekaa vizuri. Mwandishi anayeona sentensi yake imekaa vizuri ni mtu wa kuogopwa, na mimi siku ile sikujiogopa.

Baada ya hapo tulionana mara nyingi, na hakunitajia hata siku moja. Alinisalimu kama zamani, "Kamwene, Bwana Karani," akazichukua baiskeli za ofisi, akaziweka sawa. Niliiona mashine kwenye kona ya kibanda chini ya gunia lake, ule mkono wa rola umetengenezwa upya, una kinga ya bati ili mkanda usiurukie tena. Nikamtania lini ataipeleka tena bondeni, mimi nimenoa penseli. Akasema, "Haiendi tena." Nikadhani ameiogopa.

Nilifika Kitandililo siku ya tano ya msiba. Majirani walikuwa bado wamekaa kwenye mikeka, wanaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ndogo, na sauti ya nne ilikuwa haipo. Nilikaribishwa togwa. Mjane alikuwa ndani, ameketi kwenye ngozi ya mbuzi, miguu ameinyoosha, na fimbo ubavuni, kama nilivyomwona kule ukingoni. Nilipiga magoti kumpa mkono. Hakuinuka kunipokea. Dada yake aliyekuwa karibu alimshika chini ya makwapa ili ageuke tu anitazame, na hata hilo lilimchukua muda na kumfumbisha macho. Wakanieleza kama watu wanaokumbusha, maana walidhani najua: alianguka na mzigo wa kuni kwenye mteremko wakati wa masika, mwaka mmoja kabla ya mashine, na hospitali ya misheni walimwambia asiiname tena maisha yake yote.

Kisha mjane mwenyewe akasema, bila hasira. "Shemeji, siku ile wewe ulisimama juu, mimi nilikuwa chini. Yeye ndiye aliyeniketisha pale asubuhi. Alitaka nikione kinyungu cha mama kinalimwa. Niliiona inakuja, nikashika fimbo, mgongo ukakataa. Yeye hakuwa anaitazama mashine. Alikuwa ananitazama mimi, na uzito wake wote ameutupa upande mmoja ili ipinde." Akaongeza kwamba ilipita karibu hata maji ya injini yalimrukia mguuni, yakamuunguza, na alama ipo. Watu wa bonde walipocheka walicheka kwa sababu wote wawili walikuwa hai. Mimi nilisikia kicheko kile nikadhani ni sawa na chetu cha juu.

Mengine alinieleza dada mtu, tulipotoka nje. Gazeti lilipofika, mwalimu alilisoma kwa sauti nje ya kanisa baada ya ibada, na alipofika kwenye mama asiyejisumbua kuinuka, watu wa Lyamkena waligeuka wakamtazama. Tangu hapo akichelewa kuinuka kwenye benchi kanisani, au akiomba mkono sokoni, palikuwa na mtu wa kusema taratibu kwamba mama hajisumbui. Fundi aliitengeneza mashine wiki ile ile, akaijaribu nyuma ya kibanda, ikawa haina dosari. Mkewe ndiye aliyekataa. Alimwambia kicheko cha suruali yake angekivumilia, lakini hawezi kuketi tena bondeni mashine ikilia na watu wakimtafuta kwa macho. Basi fundi akachukua jembe. Kila alasiri kibanda kikifungwa, na Jumamosi kutwa, alisimama ndani ya udongo ule wa baridi akichimba kinyungu cha mkewe kwa kifua chake kile, misimu minne. Mwaka huu alikuwa amefika katikati. Siku ya mwisho alirudi amelowa mpaka kiunoni, akalala, na kichomi kikamchukua ndani ya wiki.

Sisemi kwamba safu yangu ndiyo iliyomwua. Dada mtu hakusema hivyo, mjane hakusema hivyo, na mganga wa misheni ana maelezo yake. Nasema tu kwamba kulikuwa na mashine iliyotengenezwa ili mtu yule asisimame kwenye maji, na kulikuwa na sentensi iliyoizuia isitoke chini ya gunia, na sentensi hiyo niliiandika mimi kwa wino wa serikali, nikiwa nimevaa soksi kavu. Hilo linaniuma, na litaniuma.

Nimefikiri sana njiani, kwa kuwa basi letu liliharibika mara mbili na kila lilipoharibika nilimkumbuka. Sisi wa ofisini tumezoea kuyatazama mabonde haya kwa mbali. Tunahesabu matuta, tunaandika kwamba wenyeji wanapenda mambo ya kale, kisha mwenyeji akifunga injini ya pampu kwenye magurudumu ya mlowezi tunaandika kwamba anapenda michezo. Kila mwezi pale Makambako malori yanajaza vijana wenye mikono mizima kuwapeleka kwenye mkonge, na hakuna aliyewahi kuniuliza ni jembe gani litashikwa na nani nyumbani. Fundi aliliuliza swali hilo peke yake, akalijibu kwa bamba la chuma, gogo na mkanda wa msalaba. Lilikuwa jibu zuri. Ningekuwa mwandishi mwenye akili, hiyo ndiyo ingekuwa habari: kwamba katika wilaya iliyokosa mikono, mtu mmoja wa Lyamkena ametengeneza mikono. Niliiona habari hiyo kila nilipopita pale kwa wiki saba, nikangoja suruali ichanike ndipo nichukue kalamu.

Kabla sijaondoka, shemeji wa marehemu, mume wa yule dada, alinipeleka kwenye banda la nyuma, maana mashine ilikwisha kuletwa nyumbani. Alifunua gunia. Chuma chote kilikuwa kimepakwa mafuta, bolti hazina kutu, mkanda umening'inizwa ukutani usipinde. Kumbe kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda na jembe bondeni, fundi aliiwasha kidogo isije ikashikwa na kutu, akaizima, akayamwaga maji yote kwenye kisanduku, akageuza ndoo juu yake. Miaka minne, hata mara moja hakusahau. Na alipokuwa amelala hawezi tena kukaa, neno alilolirudia kwa mkewe lilikuwa kwamba Juni haijaisha, waangalie maji.

Shemeji huyo anaijua mashine, alifundishwa. Nusu ya kinyungu iliyobaki ni kazi ya asubuhi moja, lakini mzee wa bonde amekwisha kusema kwa upole kwamba nusu haihesabiwi kuwa msimu na wakati wa kupanda unakwisha. Ndugu walitaka iwashwe kesho yake. Mjane akakataa mbele yao wote, nami nilikuwepo. Nilimwomba aniruhusu niandike ukweli. Akasema, "Andika kwanza. Wakikwisha kusoma, nipelekeni nikakae, ndipo iwashwe." Mwinjilisti ameahidi kulisoma gazeti hili pale pale nje ya kanisa Jumapili, na kesho yake asubuhi injini itatiwa maji. Kwa hiyo nimeandika mbio, na kama leo lugha yangu haikukaa vizuri kama mlivyozoea, niacheni.

Niliwahi kudhani kazi ya mwenye safu ni kuona kile ambacho wengine hawakukiona. Siku ile niliona magoti, suruali, matete na maji, na mwanamke pia nilimwona, lakini sikutoka pale juu kwenda kusimama chini alipokuwa ameketi. Ningeteremka hatua hamsini ningejua mtu yule alikuwa anashikilia nini. Ukimwona mtu ameng'ang'ania kitu kinachomwumiza na kila mtu anampigia kelele akiachie, kabla hujacheka teremka, ukatazame mbele yake amekaa nani. Aliyelihifadhi gazeti langu la zamani naomba aliwashie moto. Karani mwenzangu nimekwisha kumbandulia lake, hajui bado.

Niliandika: "Hata mama mmoja aliyekaa ukingoni, chuma kikimjia mbio, hakujisumbua kuinuka." Si kweli. Alijaribu kuinuka akashindwa. Mumewe alijua kwamba hawezi, na ndiyo sababu hakuiachia.